Mkanda wa Saba

Mississauga, 3 Septemba 2006

Dada Fareen,

Ya Ali Madad. Kabla hujaendelea, kaa chini, maana anayekuandikia si yule Adil uliyemwacha Tanga akilia kwa kukimbizwa na jogoo. Tangu mwezi uliopita, mimi ndiye ninayeiendesha sinema ya Kihindi katika nchi nzima ya Kanada. Hapa Mississauga filamu haiingii nyumba ya mtu bila kupita mkononi mwangu. Watu wazima, wenye magari na mikopo ya nyumba, wananiuliza, "Adil, leo tutazame nini?" Nikisema hiki, wanatazama hiki. Nikinuna, mtaa mzima unalala bila sinema.

Mama anasema kazi yangu ni kufuta vumbi kwenye rafu za duka la Mzee Sadru la kukodisha filamu. Mama hajui biashara.

Anakusalimu sana, anasema yeye, shangazi yako Nilofar, bado anakuombea. Sisi wazima. Shule nimeiacha, au imeniacha yenyewe, hilo tusigombane. Mwalimu wa hesabu alisema nina kipaji ila hakutaja cha nini.

Nakuandikia kwa kalamu kwa sababu barua pepe yako anaijibu meneja wako. Nilikuandikia mwezi wa sita, nikajibiwa, "Asante kwa kumpenda Tungashri," nikaletewa na picha. Dada, picha ya binamu yangu mwenyewe, nimetiliwa sahihi kama mgeni! Hilo jina la Tungashri walikubandika wao, mimi nitaendelea kukuita Fareen hata ukishinda tuzo.

Sasa jambo lenyewe. Mjomba Jalaludin. Yote tunayajua: ulikwenda Bangalore kusomea famasia, ukaacha chuo ukaingia kwenye sinema za Kikannada, lugha ya huko, na tangu hapo baba yako hajasema nawe neno, mwaka wa saba huu. Mtu akitaja jina lako, yeye anauliza habari za hali ya hewa.

Basi sikia. Kila Alhamisi mjomba anatoka Unionville na gari lake, anapita maduka ya filamu manne, anakuja mpaka kwetu kukodi filamu zako. Anaandikisha kwa jina la kaka yako Alykhan! Daftari linasema ile uliyokuwa polisi ameichukua mara sita.

Wiki jana nilitumwa kwao kupeleka kababu. Nikamkuta peke yake sebuleni, wewe uko kwenye televisheni unaililia maiti ya mumeo, mdomo umefunguka hivi, na sauti imezimwa. Kimya. Nikamwambia, "Mjomba, mashine imekufa?" Akaruka kama nimemkuta jikoni mwa watu. Halafu akasema polepole, "Uso ni wa Fareen. Sauti ni ya mwanamke wa kukodi. Siku nikimsikia mwenyewe anasema, na mimi nitasema naye." Kisha akaniuliza kama kesho kutanyesha.

Ni kweli hiyo sauti si yako? Mimi nimewaambia wateja wote kwamba ukoo wetu una koo la dhahabu. Usiniaibishe.

Mimi, Sultani wa Sinema wa Ontario nzima,
Adil


Bangalore, 2 Oktoba 2006

Sultani wa Vumbi,

Mowla Ali Madad. Mbusu shangazi mikono yote miwili. Mwambie kikohozi kimepona na dawa yake ya tangawizi ndiyo iliyofanya kazi, si ya daktari. Hapa nyumbani nina paka mmoja, na mpishi ambaye kila siku ananihubiria niolewe.

Ni kweli, Adil. Sauti si yangu hata moja. Filamu kumi na tisa! Nimeolewa ndani ya kumi na moja, nimekufa ndani ya saba, na sijawahi kusikika hata nikipiga chafya. Huku tunapiga picha kwanza, sauti zinatiwa baadaye chumbani. Mimi wananiambia Kikannada changu kina Tanga ndani yake, naongea kama ninayeita wateja wa madafu. Kwa hiyo anaitwa Bi Girija. Ana miaka hamsini na nane, anatafuna tambuu mchana kutwa, na akifungua mdomo anatoka msichana wa kumi na sita. Nusu ya warembo wa Kikannada ni yeye. Iko filamu nagombana na mke mwenzangu dakika nne nzima, matusi kwenda na kurudi, na sote wawili ni Bi Girija.

Ulitaka kujua nilivyoanza, mbona hukuuliza? Nilianza na meno. Mtu wa tangazo la dawa ya mswaki alikuja chuoni akataka msichana wa kucheka. Nikacheka. Baada ya meno wakanifanya dada wa shujaa, yule wa kutekwa nyara. Baada ya dada, mchumba. Mwezi uliopita, Adil, nikiwa na miaka ishirini na minane, nimeitwa niwe mama wa shujaa. Shujaa mwenyewe ana arobaini na sita! Anapaka nywele rangi kuliko mimi.

Nikarudi nyumbani nikakaa na paka, tukaamua: nakuwa mtayarishaji. Natengeneza filamu yangu. Kwa Kikannada ina jina la kukuvunja ulimi, kwa kwetu ni "Binti wa Duka la Dawa". Mtayarishaji hakuna wa kumwambia nyamaza. Humo nitasema mwenyewe, na Tanga yangu yote.

Habari ya televisheni iliyozimwa sauti niliisoma kwenye kiti cha kupakwa poda. Ilibidi nipakwe upya mara mbili. Usimwambie baba kitu. Lakini umelisikia kwa masikio yako? "Na mimi nitasema naye"? Hivyo hivyo?

Dada yako,
Fareen


Mississauga, 18 Machi 2007

Dada Fareen,

Hivyo hivyo. Neno kwa neno. Masikio yangu yakisikia kitu hayakosei.

Samahani kwa kuchelewa, nilikuwa nimepandishwa cheo. Mzee Sadru sasa ananiachia ufunguo wa duka. Mama anasema ni kwa sababu mgongo wake hauwezi kuinama kufungua kufuli la chini. Mama, Mama. Ila mzima, ananunua makoti ya baridi wakati baridi inaisha, anasema ndiyo akili.

Barua yako tamu ila ndefu, Dada. Mimi barua ndefu nazifanya kama nyimbo za katikati ya filamu: naruka naenda kwenye ngumi. Lakini la maana nimeliona. Na nimeshalifanyia kazi kabla hujaniomba, ndiyo faida ya kuwa na ndugu mwenye akili.

Kuna chama cha Wakannada wa Toronto. Mwenyekiti wao ni mama mmoja mkali, daktari wa macho, anakuja dukani. Nikamwambia, "Mama, unamjua Tungashri? Ni dada yangu." Akanitazama kama nimesema malaika ni shemeji yangu. Nikamtolea ile picha ya meneja wako. Basi! Amesema filamu yako ikiisha wataileta, watakodi ukumbi wa sinema wa zamani, Jumamosi asubuhi. Kwenye mashine atakuwepo Thobias, Mtanzania wa Bukoba, mwanafunzi. Anajua kuendesha mashine za mikanda, na mimi nitamsimamia.

Na Mjomba nitamleta mimi. Hata nikimfunga kwenye zulia.

Mimi, Mwakilishi wako wa Amerika ya Kaskazini yote,
Adil


Bangalore, 20 Novemba 2007

Mwakilishi,

Salamu kwa shangazi, na pole kwa goti lake. Mwambie asipande ngazi, duka la makoti halikimbii. Paka amezaa. Mpishi amechukulia kuwa ni dongo kwangu.

Filamu imekwisha. Siku ya kwanza ya kupiga picha huku lazima nazi ivunjwe kuleta heri. Wakaniletea nazi na jiwe, wanaume sita wamesimama wanangoja bibi mtayarishaji aaibike. Nikaomba panga. Nikaishika nazi kiganjani, nikaigonga kwa mgongo wa panga kama bibi alivyotufundisha, ikafunguka vipande viwili sawasawa na maji sikumwaga. Tangu siku hiyo hakuna aliyechelewa kazini.

Sauti ilinichukua siku tisa. Bi Girija alikuja bila kuitwa, akakaa pembeni yangu na tambuu lake. Kila nikikosea ananipiga goti. Siku ya mwisho akasema, "Leo nimepoteza mdomo mmoja," akanikumbatia mpaka nikawa mwekundu begani. Msambazaji mmoja alisikiliza akasema watu watacheka. Labda. Nimeweka kila nilicho nacho humu, Adil, na ikianguka narudi kuwa mama wa shujaa.

Mikanda kumi na minne, ndani ya makopo ya bati, itafika kwenu Februari. Jumapili yake lazima ipande ndege kwenda New Jersey, maana nakala ya nje ni hiyo moja tu. Itunze kama macho yako.

Dada yako anayekuamini, ujue si kazi ndogo,
Fareen

(nyuma ya ukurasa)

Nilishatia sahihi, kisha nikaona hili siwezi kulibeba peke yangu. Unakumbuka duka letu Tanga, jioni baba akiwa juu anauliza, "Fareen, umefunga?" nami najibu, "Nimefunga, Baba, na taa nimezima"? Kila siku ya maisha yangu mpaka nilipoondoka. Katika mkanda wa saba, kabla ya wimbo wa mvua, nafunga duka la dawa, naitazama kamera kama namtazama yeye, na nasema maneno hayo, kwa Kiswahili. Mwongozaji nimemwambia ni dua ya kwetu. Katika filamu nzima hiyo ndiyo sehemu yake. Mkanda wa saba, Adil. Kaa karibu naye uone uso wake, uniandikie.


Mississauga, 24 Februari 2008

Dada Fareen,

Mimi hata sijui nianzie wapi kujisifu.

Salamu kwanza. Mama mzima, goti zima, amevaa koti lake la punguzo na watu watatu wamemuuliza amelinunua wapi. Mzee Sadru amenipa mkono mbele ya wateja.

Jumamosi imekuwa si Jumamosi, imekuwa harusi. Theluji ilianguka tangu alfajiri, nikadhani watabaki vitandani. Wapi! Wakannada wamekuja mpaka kutoka Waterloo, wanawake na sari zao chini ya majaketi mazito, viatu vya theluji miguuni. Ukumbi umejaa mpaka ngazini. Wakawasha taa ya mafuta, mwenyekiti akahutubia, makamu akahutubia, mtoto mmoja akacheza ngoma ya miguu, mweka hazina naye akasema ana maneno mawili, akasema elfu mbili. Tulichelewa kuanza kwa saa nzima na ukumbi ulitakiwa saa saba na nusu mchana, lakini mambo hayo nikayatengeneza juu kwa juu kwa akili yangu mwenyewe, hayakuhusu.

Mjomba je? Nimemleta! Nilimwambia gari la Alykhan limegoma mjini, nahitaji kusukumiwa. Akatoka na suruali ya kulalia, koti juu. Alipoona picha yako ubaoni, ukubwa wa mlango wa gereji, akasimama. Nikamwambia, "Mjomba, humu ndani sauti haizimwi." Akanitazama, akaingia. Nikamkalisha safu ya nne.

Nilikuwa nikipanda juu kwa Thobias na kushuka, kwa hiyo sikumwona kila dakika. Lakini ulipotokea mara ya kwanza ukaanza kusema, nilikuwepo. Aliinua mkono hivi, kama anataka ukumbi mzima unyamaze, na ulikuwa umeshanyamaza. Akasema, "Ni yeye." Akarudia kwa Kikutchi, lugha ya wazee wetu, akarudia kwa Kiingereza, sijui alikuwa anamwambia nani. Mama wa mbele yake akageuka akampa leso.

Mwisho watu wamesimama, wamepiga makofi, mwenyekiti amelia na wanja wote. Wanasema unaongea kama msichana wa mbali anayerudi kwao. Waambie wasambazaji wako hivyo.

Makopo nimeyapeleka mwenyewe uwanja wa ndege. Kumi na manne, nimeyahesabu.

Mimi, ambaye sasa hata cheo sikipati,
Adil


Bangalore, 14 Machi 2008

Adil wangu, Adil wa dhahabu,

Barua yako nimeisomea jikoni, mpishi hajui hata neno moja na amelia. Shangazi apewe pipi, kopo zima. Huku filamu iko wiki ya tano na ukumbi wa kona ya soko umeongeza onyesho la mchana. Watu hawakucheka. Walicheka mahali pa kucheka tu. Juzi dereva wa bajaji amenitambua kwa sauti, Adil! Nilikuwa nimejifunika uso kwa mtandio, nimesema tu, "Hapo kulia," akafunga breki.

Sasa acha makofi. Uso wake. Mkanda wa saba. Umeniandikia mpaka viatu vya watu na hilo hukuliandika. Alifanya nini?

Simu ninayo hapa mezani. Wiki ya tatu hii, baba hajapiga. Alisema akinisikia atasema nami. Niambie.

Fareen


Mississauga, 5 Aprili 2008

Dada Fareen,

Ya Ali Madad. Mama anasema asante kwa pipi, Mzee Sadru amekula nusu.

Theluji ya huku mwaka huu usiombe. Tulidhani imekwisha, ikaanguka tena Jumanne, sentimita kumi na mbili. Halafu jua. Halafu mvua iliyoganda, ndiyo mbaya kuliko zote, mtu anateleza amesimama. Jumatano ukungu. Wanasema kesho kutakuwa na upepo wa kaskazini-magharibi.

Duka lipo. Nina kazi nyingi.

Adil


Bangalore, 22 Aprili 2008

Adil,

Mimi ni binti wa Jalaludin. Mtu akianza kunieleza habari za hali ya hewa najua kuna kitu amekikalia.

Hukujipa hata cheo mwishoni. Ndipo nilipoogopa.

Mdogo wangu, sikuulizi tena kwa ukali. Alitoka ukumbini? Alikasirika? Kama yale maneno hayakumgusa, niambie tu. Nitalia siku moja na kesho yake nina kazi. Ila usiniache na simu mezani.

Fareen


Mississauga, 8 Mei 2008

Dada Fareen,

Sisi wazima. Mama amenikuta naandika na hakunitania, kwa hiyo ujue sura niliyo nayo.

Mjomba hakukasirika na hakutoka. Sasa nakwambia yote, na usiruke, maana humu hamna ngumi.

Hotuba zile zilitumaliza. Saa tano na nusu hata hatujaanza, na mwenye ukumbi amesema saa saba na nusu anazima, awe nani awe nani. Thobias akafanya hesabu yake, akasema, "Bwana Adil, hapa lazima tukate, la sivyo hawa watu hawataona mwisho. Nitaruka nyimbo tatu, na bado mkanda mmoja mzima utoke. Wewe ndiye wa familia, wewe ndiye unayeijua hii filamu. Upi?"

Dada, mimi nilikuwa sijaiona. Niliwaambia wote nimeiona mara kumi. Kwenye kopo la saba kulikuwa na karatasi ya Thobias imeandikwa "mvua, wimbo". Nikasema kwa sauti ya bosi kabisa, "Toa wa saba. Wimbo wa mvua ndipo watu wanapokwenda kununua sambusa." Nikaubeba mwenyewe, nikauweka sakafuni, nikaukalia. Nilikuwa nimekaa juu yake wakati makofi yanapigwa.

Barua yako ya mwezi wa kumi na moja niliisoma mpaka kwenye sahihi. Nilipoona jina lako nikadhani imekwisha, nikaitia droo. Mpaka uliponiuliza habari za mkanda wa saba mwezi wa tatu ndipo nikaitoa, nikaigeuza.

Nilitaka kuurudisha mkanda, lakini ulikuwa umeshafika New Jersey na makopo mengine, salama, hauna hata mkwaruzo. Nimewapigia simu, Thobias amewapigia pia. Chama chao wataonyesha tena mwezi wa saba. Ni mwendo wa saa tisa kwa gari, Thobias ataendesha, na filamu itakuwa kamili. Mjomba nimemwambia twende kutembea, amekubali, anadhani anakwenda kuona magari ya zamani. Barua hii inachukua siku kumi na moja, basi una muda wa kunitukana vizuri na mimi nikakujibu kabla hatujaondoka.

Hili la mkanda ni kosa, lakini ni kosa la mashine na la saa, ningeweza kukuandikia siku ileile tukacheka. Si hilo lililonifanya nikuandikie habari za upepo. Geuza ukurasa. Usiwe kama mimi.

(nyuma ya ukurasa)

Siku ile tukirudi Unionville, tulikuwa tumeshaingia barabara yao. Mjomba alikuwa ameishika simu yake mkononi, Dada, ameitoa mfukoni tangu tuko kwenye maegesho. Akaniuliza, "Adil. Nimemsikia. Lakini ni maneno ya watu aliyoandikiwa. Wewe uliyeiona mara kumi, hakuna mahali popote aliposema neno letu? La nyumbani?"

Nami nikacheka, nikamwambia, "Mjomba, hiyo filamu mimi naijua yote, mwanzo mpaka mwisho. Hakuna."

Akaitia simu mfukoni.

Adil